Kutengeneza Meno Bandia ya Akriliki kwa Mwanga na kwa Joto: Mwongozo wa Karakana

Ufizi bandia wa rangi ya waridi, mgumu kiasi cha kumwezesha mzee kutafuna muhogo wa kuchoma, huanza kwenye meza ya fundi ukiwa vitu viwili: unga laini na kimiminika chepesi kama maji chenye harufu inayopanda puani mara tu kizibo kinapofunguliwa. Kimiminika hicho ni methili methakrilati. Unga nao ulikuwa kimiminika hicho hicho kabla kiwanda hakijaugeuza kuwa punje ndogo za plastiki iitwayo akriliki. Kazi ya fundi ni kukamilisha kilichobaki, yaani kuzifanya molekuli ndogo zilizomo kwenye kimiminika ziungane kuwa minyororo mirefu, ziungane karibu zote, na ziungane kwa mwendo anaoutaka yeye wala si kwa mwendo wao. Molekuli isiyounganishwa karakanani itatokea kinywani mwa mgonjwa, na hilo ndilo linalonifanya niandike kwa urefu kuhusu hatua ambazo wengi huzipita mbio.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: trei ya kupimia kinywa, ambayo hugandishwa kwa mwanga wa buluu, na kisha ufizi wenyewe, ambao hupikwa kwa joto. Nimewaandikia wanafunzi wa teknolojia ya meno na mafundi walio kazini. Asiye na daktari wa meno wa kushirikiana naye asiianze kazi hii, kwa kuwa akriliki iliyopikwa vizuri juu ya kipimo kibaya bado itamtoa mgonjwa vidonda.

Kinachotokea ndani ya kimiminika

Molekuli ya methili methakrilati ina mahali ambapo kaboni mbili zimeungana kwa kifungo maradufu, na hapo ndipo pana mlango wa kazi yote. Ikitokea chembe yenye elektroni isiyo na mwenzake, ambayo wanakemia huiita radikali huru, ikaigusa molekuli hiyo, kifungo kimoja kati ya viwili hufunguka. Radikali hujishikiza upande mmoja, na upande wa pili hubaki na elektroni pweke inayotafuta pa kushika. Elektroni hiyo huidaka molekuli ya jirani, ya jirani nayo huidaka ya tatu, na mnyororo hurefuka hivyo hadi molekuli maelfu kwa muda mfupi sana. Hukoma pale ncha mbili zenye elektroni pweke zinapokutana na kumalizana. Watengenezaji wengi huongeza kwenye kimiminika kiasi kidogo cha molekuli zenye milango miwili, ambazo huifunga minyororo pamoja kama vile uzi wa mshazari unavyoufunga mkeka, ili ufizi usipate nyufa ndogondogo haraka.

Kuna mambo mawili katika muungano huu ambayo fundi hana budi kuyabeba kichwani muda wote. La kwanza ni joto. Kila molekuli inayojiunga hutoa joto lake, na gramu 100 za monoma, yaani molekuli hizo ndogo kabla hazijaungana, zikigeuka zote hutoa zaidi ya kilojuli 50, kiasi ambacho kisipopata njia ya kutoka kinaweza kupandisha joto la mchanganyiko kwa nyuzi zaidi ya 200. La pili ni kusinyaa. Monoma tupu ikigeuka polima, yaani minyororo ile mirefu, hupungua ujazo wake kwa takriban asilimia 21, maana molekuli zilizokuwa zimekaa kwa nafasi sasa zimeshikana. Ndiyo sababu hatumimini monoma tupu kwenye kalibu. Tukichanganya unga sehemu tatu na kimiminika sehemu moja kwa ujazo, sehemu kubwa ya kusinyaa huwa imekwisha kutokea kiwandani, na kinachobaki kwetu ni karibu asilimia 7. Na joto nalo hupungua kwa kiasi hicho.

Tofauti ya njia ya mwanga na njia ya joto iko kwenye kuzaliwa kwa radikali ya kwanza tu. Katika njia ya joto, ndani ya unga mna benzoili peroksaidi, ambayo hutulia kwenye joto la chumba lakini ikivuka nyuzi 60 za Selsiasi hupasuka katikati na kutoa radikali. Katika njia ya mwanga kazi hiyo hufanywa na kamforokwinoni, kemikali ya manjano inayomeza mwanga wa buluu, hasa wenye urefu wa wimbi karibu nanomita 468, na kwa msaada wa kemikali nyingine iitwayo amini ikazalisha radikali bila kuhitaji moto. Miali ya gama kutoka kobalti-60 haihitaji hata kianzishi, kwa kuwa ina nguvu ya kuipasua molekuli yenyewe. Kwa njia hiyo ubao ulionyweshwa monoma huweza kugeuzwa kuwa mti na plastiki kwa pamoja. Hiyo ni kazi ya viwanda vyenye kuta nene za zege, na haiingii karakana ya meno.

Kabla ya kufungua chupa

Methili methakrilati hushika moto kwa urahisi. Kwenye joto la chumba lolote la pwani mvuke wake tayari unatosha kuwaka ukikutana na cheche, na kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa juu ya meza na kushuka sakafuni kuelekea mahali pa moto. Kwa hiyo kuchanganya kufanyike mbali na jiko la gesi na taa ya spiriti, madirisha yakiwa wazi na feni ya kutoa hewa ikifanya kazi. Glavu za kawaida za mpira hazizuii kimiminika hiki. Hupenya kwa dakika chache na kuifikia ngozi, na fundi anayekanda akriliki kwa mikono mitupu mwaka baada ya mwaka huishia kupata ukurutu wa vidole usiopona. Kanda juu ya karatasi nyembamba ya plastiki, na glavu ikilowa ibadilishwe papo hapo.

Chupa iwe ya kioo cha kahawia na ikae mahali pa baridi na giza. Ndani yake mna haidrokwinoni kidogo, ambayo huzidaka radikali za bahati mbaya kabla hazijaanzisha mnyororo, lakini ulinzi huo huhitaji hewa iliyoyeyuka ndani ya kimiminika, kwa hiyo chupa isijazwe hadi mdomoni. Kimiminika kilichoanza kuwa kizito kama asali kimekwisha kuanza kuungana chenyewe. Kisitumike, hata kama ndicho cha mwisho kabatini.

Trei ya mgonjwa kwa mwanga wa buluu

Daktari akishaleta kipimo cha kwanza, yaani alama ya kinywa cha mgonjwa, mimina modeli ya plasta na uitazame vizuri. Mahali penye uvungu, ambapo trei ingenasa, paziba kwa nta, kisha paka modeli yote dawa ya kutenganisha. Bamba la kugandishwa kwa mwanga, ambalo kwa kawaida hutengenezwa kwa urethani dimethakrilati na vijazo, huja ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga, na lisitolewe humo mpaka modeli iwe tayari. Mwanga wa jua unaoingia dirishani una buluu ya kutosha kuanza kuligandisha mikononi mwako. Sogeza meza mbali na dirisha au shusha pazia.

Lilaze bamba juu ya modeli kuanzia katikati ya kaakaa kwenda pembeni, ukilikanda kwa ncha za vidole na kuhakikisha hulikondeshi mahali pa mbonyeo. Unene wa milimita 2 hadi 3 unatosha. Kata ukingo kwa kisu ungali laini, maana ukikawia utakata kwa mashine na kulivuta vumbi lake. Mabaki yafinyange kuwa mpini na uushikize mbele.

Weka modeli na trei ndani ya kisanduku cha taa chenye mwanga wa nanomita 400 hadi 500, na uiache kwa dakika alizoandika mtengenezaji wa bamba. Usiutazame mwanga huo kwa macho matupu. Kioo au miwani ya rangi ya chungwa huumeza mwanga wa buluu na kuyakinga macho. Zamani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa meno walitumia miali ya urujuanimno ya nanomita 365 kwa kazi kama hii, na iliachwa kwa sababu haikupenya mbali na ilikuwa hatari kwa macho. Lakini wepesi wa mafundi kudhani kwamba buluu haina madhara yoyote ni kosa.

Upande uliolala kwenye plasta haukuona taa. Itoe trei, igeuze, na uimulike tena upande wa ndani. Hapa wanafunzi wengi husimama mapema, kwa sababu upande wa nje ukigongwa unalia kama kitu kikavu na wao wanaridhika. Mwanga hupungua kadiri unavyopenya, nusu ya unene inaweza kuwa imeshikana na nusu nyingine ikawa bado laini, na trei ya namna hiyo hupinda wakati daktari anaitoa kinywani. Kipimo kilichopindwa hakionekani kwa jicho. Huonekana wiki mbili baadaye, meno yanapokataa kukaa.

Ukiishika trei baada ya kuimulika utahisi inanata kidogo. Hewa ya oksijeni huzidaka radikali za juu juu kabla hazijaunga mnyororo, na tabaka jembamba hubaki halijaungana. Lifute kwa kitambaa chenye spiriti. Au, vizuri zaidi, paka jeli ya kuzuia hewa kabla ya kumulika mara ya mwisho, kisha uioshe kwa maji. Trei ya mwanga ina faida ambayo ile ya akriliki ya kujigandisha yenyewe haina: umbo lake hutulia mapema, hivyo inaweza kutumika siku hiyo hiyo, ilhali ile nyingine yafaa ilale hadi kesho yake.

Kutoka nta kwenda kalibu

Daktari amepima kwa trei ile, meno yamepangwa kwenye nta, mgonjwa ameyajaribu na kuyakubali. Sasa nta ibadilishwe kuwa akriliki. Izamishe modeli ndani ya plasta kwenye nusu ya chini ya flaski, yaani kopo la nusu mbili la kushikilia kalibu, meno na nta vikibaki wazi juu, paka dawa ya kutenganisha juu ya plasta ikishaganda, kisha funga nusu ya juu na uijaze plasta nyingine bila mapovu. Plasta ikishakuwa ngumu, tumbukiza flaski kwenye maji yanayochemka kwa dakika 4 hadi 5 tu. Nta ilainike, isiyeyuke; ikiyeyuka hunywewa na plasta, na akriliki haitashika vizuri penye mafuta. Fungua flaski, toa nta ikiwa kipande, kisha osha kalibu kwa maji ya moto yenye sabuni na umalizie kwa maji safi ya moto.

Plasta ikiwa bado ina uvuguvugu, paka alginati ya sodiamu juu yake kwa brashi laini, tabaka mbili, bila kuyagusa meno. Alginati hutokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi, si mwani tunaoujua wa Paje na Jambiani, Zanzibar, ambao hutoa karajinani. Ikikutana na kalsiamu ya plasta hutengeneza utando usiopitisha maji wala monoma. Utando ukikatika mahali, plasta hushikana na akriliki na ufizi hutoka na mabaka meupe; na maji yaliyomo kwenye plasta yakipenya, ufizi hupauka. Acha ukauke kabisa.

Kuchanganya na kusubiri

Pima sehemu tatu za unga kwa sehemu moja ya kimiminika kwa ujazo, au, ukiwa na mizani, gramu mbili na nusu za unga kwa gramu moja ya kimiminika. Mizani ni bora, kwa sababu unga uliotikiswa na unga uliolala havijazi kikombe sawa. Mimina kimiminika kwanza kwenye chombo cha kioo au kauri, kisha nyunyiza unga polepole ukiuacha ulowe, koroga kidogo, na ufunike. Kifuniko ni cha lazima: monoma inayopotea kwa mvuke huacha mchanganyiko mkavu wenye chengachenga.

Mchanganyiko hupita hali kadhaa, na hapa fundi anasoma kwa kidole kuliko kwa saa. Kwanza huwa kama mchanga uliolowa. Baadaye kidogo huanza kuvutika nyuzinyuzi kama mlenda ukigusa kwa kijiko, kwa kuwa monoma inaanza kuyeyusha ngozi ya punje. Kisha nyuzi hukoma, mchanganyiko hubanduka ukutani mwa chombo na kuwa kinyunga laini kisichonata. Hapo ndipo pa kuufanyia kazi. Ukichelewa huwa kama mpira unaorudi ukibonyezwa, na baadaye huwa mkavu usiofinyangika. Akriliki iliyofikia hapo itupwe, kwa sababu ukiilazimisha kwenye kalibu itayasogeza meno na haitajaza pembe.

Muda wa kukifikia kinyunga hutofautiana kwa aina ya unga, na hutofautiana zaidi kwa hali ya hewa. Maelekezo ya watengenezaji huandikwa kwa chumba cha nyuzi 23. Karakana ya Tanga au Mombasa mwezi wa pili, yenye nyuzi 32, itakipata kinyunga mapema na kukipoteza mapema. Unaweza kupoza chombo kabla ya kuchanganya, ila kipangushe kikauke na kiwe na kifuniko kinachobana, kwa kuwa tone la unyevu likiingia kwenye akriliki huacha doa.

Kushindilia

Kanda kinyunga kuwa mviringo, kiweke kwenye nusu ya juu ya flaski mahali penye meno, funika kwa karatasi nyembamba ya plastiki, na ufunge flaski kwenye presi kwa kukaza polepole. Kinyunga kinahitaji muda wa kutembea. Akriliki iliyozidi itatokea pembeni. Fungua, ikate, ongeza kidogo mahali palipopungua, funga tena. Rudia mpaka pasitoke ziada yoyote, kisha ondoa karatasi na ufunge mara ya mwisho mpaka vyuma vikutane. Hamisha flaski kwenye jiliwa lake lenye springi bila kuliachia shinikizo.

Acha flaski mezani kwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuipika. Nimeona mafundi wazuri wakiipita hatua hii kwa kuwa haionekani kufanya lolote. Katika muda huo monoma inazidi kusambaa ndani ya punje na shinikizo linalingana kila pembe. Mchanganyiko usiolingana hupikwa usivyolingana.

Kupika

Ukielewa sehemu hii, nyingine zote zitakusamehe makosa madogo. Methili methakrilati huchemka kwenye nyuzi 100.8. Benzoili peroksaidi huanza kupasuka kwa kasi baada ya nyuzi 60. Kati ya namba hizo mbili ndipo fundi anapotembea. Flaski ikitumbukizwa moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, peroksaidi hupasuka kwa wingi kwa mara moja, minyororo huanza kila mahali, joto lake linashindwa kutoka kwa sababu plasta na akriliki vyote ni vipitishaji vibaya vya joto, na mahali panene joto la ndani huweza kuvuka nyuzi 130. Monoma ambayo haijaungana huchemka humo humo, akriliki hugandia juu ya mapovu yake, na ufizi hutoka na vitundu ndani ya nyama yake, hasa upande wa nyuma wa taya la chini ambako ni unene mtupu. Vitundu hivyo havizibiki kwa kung'arisha. Huwa makazi ya uchafu na vijidudu, na ufizi huvunjika hapo.

Kwa hiyo anza na maji ya joto la chumba, zamisha flaski yote, na upandishe joto polepole, kwa muda usiopungua nusu saa, hadi nyuzi 74. Kisha una njia mbili. Ya kwanza ni ndefu: shikilia nyuzi 74 kwa saa 8 au 9 bila kuchemsha kabisa. Ya pili ni fupi: shikilia nyuzi 74 kwa saa 2, halafu pandisha hadi 100 na ushikilie kwa saa 1. Saa 2 za kwanza huunganisha sehemu kubwa ya monoma kwa utulivu, joto lake likitoka kadiri linavyozaliwa. Saa ya kuchemsha ni kwa ajili ya sehemu nyembamba, kama katikati ya kaakaa, ambazo hazikuzalisha joto la kutosha kujisaidia zenyewe. Huko ndiko monoma hubaki, na huko ndiko ufizi huugusa mwili kwa eneo kubwa zaidi.

Kipimajoto kiwe ndani ya maji karibu na flaski, si karibu na kipashio. Usikisie kwa mvuke wala kwa kidole.

Kuna jambo ambalo maelekezo ya watengenezaji hayalisemi, kwa kuwa yameandikwa na watu wa nchi tambarare. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari, Dar es Salaam na Zanzibar. Nairobi na Mbeya, zilizo karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji hufika kama nyuzi 94 na kuishia hapo, uongeze moto usiongeze. Kigali hali ni ya karibu na hiyo. Fundi wa huko anayefuata njia fupi neno kwa neno hapati nyuzi 100 alizoahidiwa, na sehemu nyembamba za kazi yake hubaki na monoma zaidi. Ushauri wangu kwa mafundi wa nyanda za juu ni kuchagua njia ndefu ya nyuzi 74, ambayo haitegemei mchemko hata kidogo. Ikilazimu njia fupi, saa ya mwisho iongezwe iwe saa 2.

Umeme nao hukatika. Ukikatika katikati ya saa za kwanza, usifungue kifuniko na usilitoe flaski. Beseni kubwa lenye maji mengi hushikilia joto lake kwa muda mrefu, na ukilifunika kwa blanketi hushikilia zaidi. Andika saa umeme ulipokatika na joto lilipofika, na ukirudi usifidie kwa kuruka moja kwa moja kwenye mchemko. Rejea nyuzi 74, uhesabu muda uliobaki na uongeze. Siku za mwanzo za kazi yangu nilifidia kwa kuruka, mgonjwa akiwa anasubiri harusi ya mwanawe Jumamosi, na Jumamosi hiyo mama yule alikwenda harusini bila meno kwa sababu seti yote ilitoka na vitundu kama mkate wa kumimina.

Wenye oveni ya mikrowevu wanaweza kuitumia badala ya maji, njia ambayo Nishii aliieleza nchini Japani mwaka 1968. Mawimbi huzitikisa molekuli za monoma zenyewe, na joto huzaliwa ndani ya akriliki badala ya kungojewa lipite kwenye plasta. Flaski ya chuma haifai, kwa kuwa chuma huyarudisha mawimbi. Inatakiwa flaski ya plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, pamoja na akriliki iliyotengenezwa kwa njia hiyo. Mpango wa wati 500 kwa dakika 3 hujulikana sana. Kwa seti yenye unene mkubwa mimi bado huchagua beseni la maji.

Kupoza, kutoa na kukabidhi

Akriliki ikipoa husinyaa mara kadhaa zaidi ya plasta iliyoizunguka, na ikipozwa kwa ghafla mvutano hubaki umefungiwa ndani yake na kuupinda ufizi mara unapotolewa. Acha flaski ipoe ndani ya maji yake yenyewe, ikiwezekana usiku kucha. Mwenye haraka aitoe na kuiacha mezani kwa nusu saa, halafu aizamishe kwenye maji ya bomba kwa robo saa, wala asianzie kwenye maji ya bomba.

Fungua flaski na uikate plasta vipande vipande kuanzia pembeni, bila kuunyanyua ufizi kwa kisu. Kata ukingo uliozidi, sugua kwa msasa, kisha ng'arisha kwa unga wa pumisi uliolowa. Mguso uwe mwepesi na maji yawe mengi: akriliki hulainika karibu na nyuzi 100, na brashi kavu inayozunguka kwa kasi hufikia joto hilo haraka na kuuharibu uso uliopikwa kwa saa 8. Upande unaolalia ufizi wa mgonjwa usisuguliwe, bali uondolewe vinundu tu, baada ya kuutafuta kwa kidole.

Hata kazi iliyopikwa vizuri hubaki na monoma kidogo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 20795-1 kinaruhusu hadi asilimia 2.2 ya uzito kwa akriliki ya kupikwa na asilimia 4.5 kwa ile ya kujigandisha yenyewe, na kazi ya nyuzi 74 kwa saa nyingi huweza kushuka chini ya asilimia 1. Hiyo iliyobaki hutoka polepole kwenye maji. Kwa hiyo loweka seti kwenye maji safi kwa saa 24 au zaidi, ukiyabadilisha mara mbili; akriliki nayo hunywa maji na kutanuka kidogo, ikarudisha sehemu ya kusinyaa kwake. Ikabidhi kwa daktari ikiwa ndani ya maji, kwenye chombo chenye kifuniko, na umwandikie mgonjwa kwamba anapoyavua meno usiku ayaweke kwenye maji ya kawaida, yasiwe ya moto.